Mtetemeko wa 0 Hadi 4: Madaktari wa Neva na Watu wa Data

Wasomaji wa hapa wamezoea nikiandika kuhusu seva, hifadhidata na programu huria. Leo nataka kuandika kuhusu mkono wa mzee unaotetemeka. Tafadhali usifunge ukurasa. Hifadhidata zitakuja, tena mapema kuliko unavyofikiri.

Kuna aina ya daktari anayezidi kuonekana katika hospitali za vyuo vikuu vya Marekani. Ni bingwa wa neva na pia ni mhadhiri. Asubuhi huwaona wagonjwa ambao miili yao haiwatii tena: wenye Parkinson, wenye Huntington, wenye misuli inayojikunja bila kuamriwa, wenye mikono inayotetemeka wakishika kikombe cha chai. Kundi hili lote huitwa magonjwa ya mwendo. Mchana daktari huyohuyo huketi na waandishi wa programu, wakabishana ni swali gani liwe la lazima kwenye fomu na lipi liachwe wazi. Kazi hii ya pili ndiyo infomatiki ya tiba, yaani elimu ya namna habari za mgonjwa zinavyokusanywa, zinavyohifadhiwa na zinavyomrudia daktari pale anapozihitaji.

Rafiki zangu wa programu wakisikia hivyo huuliza fani hizi mbili zimekutana wapi. Mimi naona hazijawahi kuachana, ila hazikuwa zinaitana kwa majina. Ngoja nirudi nyuma miaka 200 hivi.

Mwaka 1817 tabibu mmoja wa mtaa wa Hoxton, London, aliyeitwa James Parkinson, alichapisha kijitabu kuhusu ugonjwa wa kutetemeka. Ushahidi wake wote ulikuwa watu 6. Kati ya hao 6, wawili alikutana nao barabarani tu, na mwingine alimwona kwa mbali, hakuwahi hata kuzungumza naye. Leo ukipeleka utafiti wa namna hiyo kwa mhariri wa jarida atakucheka. Lakini Parkinson alikuwa na macho makali. Aliona kwamba mkono hutetemeka ukiwa umepumzika, kwamba mgonjwa huinama mbele, kwamba hatua zake hukimbia zenyewe kana kwamba anateremka mlima. Maelezo yake bado yanafaa kufundishia.

Kilichomkosa Parkinson ni namba. Aliandika maneno, na maneno kama "sana" na "kidogo" kila mtu huyapima kwa kibaba chake.

Mfaransa Jean-Martin Charcot, wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, ndiye aliyeupa ugonjwa huo jina la Parkinson katika karne hiyohiyo ya 19. Hospitali yake ilikuwa na maelfu ya wakazi, wengi wao wanawake wazee na maskini, kwa hiyo aliweza kulinganisha mtetemeko mmoja na mwingine. Aliazima kifaa kilichotumika kuchora mapigo ya mshipa, akakirekebisha, akakifunga mkononi mwa mgonjwa ili mtetemeko ujichore wenyewe kwenye karatasi. Inasimuliwa pia kwamba kwenye mihadhara yake aliwavika wagonjwa kofia zenye manyoya marefu ya ndege, wanafunzi walioketi nyuma waone tofauti ya mitikisiko. Mimi huyaona manyoya yale kuwa babu wa akselerometa iliyomo ndani ya simu yako.

Kisha miaka mingi ikapita bila tiba ya maana.

Sehemu ya dawa nitaipita haraka kwa sababu imeandikwa mara nyingi. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura dawa iliyowalegeza hadi wakashindwa kutembea, halafu akawadunga levodopa, wakainuka. Mwaka 1960 Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz mjini Vienna walionyesha kwamba ubongo wa waliokufa na Parkinson una upungufu mkubwa wa dopamini. Mwaka 1967 George Cotzias, akiwa Brookhaven nchini Marekani, aliripoti kwamba ukianza na dozi ndogo ya dopa ukaiongeza polepole hadi ikawa kubwa, watu waliokuwa wamekakamaa wanatembea. Carlsson alipata tuzo ya Nobel mwaka 2000.

(Kando kidogo: ule upupu unaokuwasha ukipita porini, kitaalamu Mucuna pruriens, una levodopa ndani ya mbegu zake. Wakemia nchini India walilichapisha jambo hilo mwaka 1937. Usiende kutafuna mbegu hizo, dozi yake huwezi kuikadiria. Lakini kila ninapokutana na upupu sasa nauangalia kwa heshima.)

Ninapotaka tukae ni mwaka uleule wa 1967. Wakati dunia inamtazama Cotzias, madaktari wawili wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, Margaret Hoehn na Melvin Yahr, walichapisha makala ambayo haikuwa na dawa yoyote ndani yake. Walifanya kazi ambayo wengi wetu tungeikwepa. Walifungua faili za karatasi za wagonjwa zaidi ya 800 waliopita katika hospitali yao kati ya 1949 na 1964, wakauliza maswali manne ya kawaida kabisa: ugonjwa ulianza lini, ulianza upande gani, ulikwenda kwa kasi gani, na mtu alikufa lini.

Ili wapate jibu iliwabidi wagawe ugonjwa kwa hatua. Hatua ya 1, upande mmoja wa mwili tu. Hatua ya 2, pande zote mbili, lakini mtu bado ana mizani yake. Hatua ya 3, mizani imeanza kupotea. Hatua ya 4, amelemaa vibaya ila bado anaweza kusimama au kutembea bila kushikwa. Hatua ya 5, kiti cha magurudumu au kitanda, isipokuwa akisaidiwa. Basi. Tarakimu moja, thamani tano. Ukiwa mwandishi wa programu unaiona safu hiyo kwenye jedwali bila hata kufumba macho.

Walikuta kwamba wagonjwa hao walikuwa wakifa kwa kiwango cha karibu mara 3 ya watu wa kawaida wa umri wao. Sasa fikiria muda wenyewe. Marekani iliidhinisha levodopa mwaka 1970. Baada ya hapo hakuna daktari mwenye utu ambaye angewaacha wagonjwa 800 bila dawa kwa miaka 15 ili aone tu kinachotokea. Dirisha la kupima ugonjwa ulivyokuwa kabla ya dawa lilikuwa linafungwa, na Hoehn na Yahr walipenya dakika ya mwisho. Bila faili zao, leo tungesema dawa ilisaidia, lakini tungelinganisha na nini?

Faili zile hazikuandikwa kwa ajili ya utafiti huo. Ziliandikwa na madaktari waliochoka, kliniki ikiwa imejaa, kila mmoja kwa mwandiko wake. Thamani yake ilionekana baada ya miaka mingi, kwa sababu hakuna aliyezitupa na kwa sababu kulikuwa na watu wawili wenye subira ya kuzigeuza kuwa namba. Kwangu hiyo ni infomatiki ya tiba, hata kama hapakuwa na tarakilishi hata moja chumbani.

Hata hivyo hatua tano hazitoshi. Mtu anaweza kubaki hatua ya 2 kwa miaka kadhaa huku vifungo vya shati vinazidi kumshinda. Dawa mpya zilipoanza kuja, kila kituo kikubwa kilikuwa na kipimo chake: hapa Columbia, kule Northwestern, pengine kipimo cha Webster cha mwaka 1968. Matokeo ya huku hayakuweza kujumlishwa na ya kule. Sisi tunaijua hali hiyo. Kila kampuni ina umbizo lake la faili, na kazi yako nzima inakuwa kubadilisha data kutoka umbizo moja kwenda jingine.

Mtu aliyekuwa katikati ya kutatua jambo hilo ni Stanley Fahn, pia wa Columbia. Mwaka 1985 yeye na Mwingereza David Marsden walianzisha Movement Disorder Society, na mwaka uliofuata jarida lake likaanza kutoka. Kabla ya hapo daktari angeweza kutibu magonjwa ya mwendo, lakini ilikuwa vigumu kusema hiyo ndiyo fani yake. Sasa kukawa na chama, jarida, mikutano, na kijana angeweza kuwaambia wakubwa wake chuoni kwamba huu ndio mstari atakaoufuata. Mwaka 1987 Fahn na wenzake wakachapisha kipimo kimoja cha kuunganisha vile vyote, UPDRS. Kwa wapenzi wa mambo yetu: kipimo hicho kilipotoka kilikuwa tayari kinaitwa toleo la 3.0.

UPDRS huuliza kuhusu akili na hisia, kuhusu kazi za kila siku kama kuvaa na kukata chakula, kisha daktari humpima mgonjwa mwenyewe. Gongesha kidole gumba na cha shahada. Fungua na ufunge ngumi. Inuka kitini bila kutumia mikono. Kila tendo hupewa alama, 0 ikiwa hakuna tatizo, 4 ikiwa hali ni mbaya kabisa.

Nzuri sana kwenye karatasi. Lakini mtetemeko wa 2 una ukubwa gani? Toleo la 1987 lilieleza kwa maneno: mdogo, wa kadiri, mkubwa. Yaani tumerudi kwenye kibaba cha kila mtu. Mwaka 1995 Christopher Goetz wa Chicago na wenzake walitoa kanda ya video ya kufundishia, ili daktari wa mji mmoja na wa mji mwingine waangalie mgonjwa yuleyule na kukubaliana. Mwaka 2003 chama chenyewe kilichapisha orodha ya kasoro za kipimo chake, jambo ambalo kampuni nyingi za programu zingelifanya kwa shida. Mwaka 2008 likatoka toleo jipya, MDS-UPDRS, kazi iliyoongozwa na Goetz, likiwa limejaribiwa kwa wagonjwa 877 wanaozungumza Kiingereza.

Safari hii mtetemeko wa mkono uliopumzika ulipewa sentimita. Usiozidi sentimita 1 ni alama 1. Zaidi ya 1 lakini chini ya 3 ni alama 2. Kati ya 3 na 10 ni alama 3. Zaidi ya 10 ni alama 4. Kugongesha vidole nako kukawekewa idadi: mara 10, haraka na kwa upana uwezavyo.

Nilipoisoma sehemu hiyo nilicheka peke yangu, maana ni kile kile tunachokifanya tunapomwambia mteja kwamba "ukurasa ufunguke haraka" si maelezo ya kazi, tuambie sekunde ngapi. Iliwachukua wataalamu wa dunia nzima miaka 21, toka 1987 hadi 2008, kuvuka kutoka "wa kadiri" hadi "sentimita 3." Sisemi kwa dharau. Kukubaliana ni kazi ngumu kuliko kuandika msimbo.

Sasa mto wa pili, ule wa tarakilishi.

Wakati Hoehn na Yahr wanapekua karatasi New York, kule Boston kwenye Massachusetts General Hospital, maabara ya daktari Octo Barnett ilikuwa inatengeneza lugha ya programu kwa ajili ya rekodi za wagonjwa. Neil Pappalardo na wenzake waliiandika mwaka 1966 na 1967 kwenye mashine ya PDP-7, wakaiita MUMPS. Ni lugha ya ajabu. Haina aina za data, kila kitu ni maandishi, na hifadhidata iko ndani ya lugha yenyewe: unaandika kigezo, nacho kinakwenda kukaa kwenye diski moja kwa moja. Ukiiona leo utaikimbia. Lakini kizazi cha lugha hiyo ndicho kinachoendesha mifumo ya Epic, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1979 na ambayo rekodi zake zimo katika hospitali nyingi sana za Marekani. Sote tuliowahi kusema "mfumo huu ni wa muda tu" tuikumbuke MUMPS.

Mwaka 1968 daktari Lawrence Weed aliandika kwamba faili ya mgonjwa ipangwe kwa matatizo yake, si kwa tarehe wala kwa idara. Mwaka 1972, mjini Indianapolis, Clement McDonald wa taasisi ya Regenstrief alianza mfumo wa rekodi kwa wagonjwa 35 wa kisukari. Mwaka 1976 alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba tarakilishi ikimkumbusha daktari kufanya jambo, analifanya mara nyingi zaidi kuliko asipokumbushwa. Hoja yake ilikuwa kwamba daktari hakosi kwa kutojua. Anakosa kwa sababu ni binadamu, na kichwa cha binadamu hakibebi habari zote hizo kwa pamoja.

Nimeitaja Indianapolis kwa makusudi, kwa sababu kutoka hapo njia inakuja moja kwa moja hadi Bonde la Ufa.

Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana vimeshirikiana tangu mwisho wa miaka ya 1980. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, kusini mwa Eldoret, watu wa vyuo hivyo viwili walifunga mfumo wa rekodi za wagonjwa. Tarakilishi mbili zilizounganishwa, Microsoft Access, na betri za sola kwa ajili ya siku ambazo stima imepotea. Hayo tu. Joseph Rotich na wenzake walipima kilichotokea wakachapisha mwaka 2003: ziara ya mgonjwa kituoni ilifupika kwa asilimia 22, na muda wa kusubiri ukapungua kwa asilimia 38.

Kuna namba nyingine kwenye utafiti uleule ambayo huwa haitajwi sana. Muda wa mgonjwa akiwa na mhudumu ulipungua kwa asilimia 58. Unaweza kusema ni ufanisi, kwamba kazi ya kuandika imepungua. Lakini mtu mwenye Parkinson anazungumza kwa sauti ndogo, anavua shati polepole, anahitaji kuangaliwa akitembea kwenye korido na kurudi. Kwake yeye dakika ndiyo kipimo. Nikiwa mwandishi wa programu nafurahi namba ikishuka. Bingwa wa magonjwa ya mwendo akiwa kwenye kikao angeuliza: zimeshuka dakika zipi? Ndiyo maana namtaka kwenye kikao.

Kutoka Mosoriot ilizaliwa OpenMRS. Paul Biondich na Burke Mamlin wa Regenstrief walianza kuichora mwaka 2004, wakishirikiana na Hamish Fraser wa Partners In Health na wengine, na mnamo Februari 2006 ilianza kufanya kazi Eldoret chini ya mpango wa AMPATH. Ni programu huria, imeandikwa kwa Java, juu ya MySQL. Mifumo mingi imejengwa juu yake, pamoja na KenyaEMR inayotumika katika vituo vya afya hapa nchini.

Kiini chake ni kamusi. Kila swali na kila jibu ni dhana yenye namba yake, na kila alichoambiwa au alichopima mhudumu huhifadhiwa kama uchunguzi mmoja: mgonjwa huyu, siku hii, dhana hii, thamani hii. Kwa hiyo kuongeza swali jipya hakuhitaji kubomoa majedwali. Unaongeza dhana kwenye kamusi, unatengeneza fomu, unaendelea. Muundo huo unawatesa wanaoandika ripoti, nisiwadanganye, lakini ulichaguliwa ili daktari aweze kuuliza jambo ambalo mwandishi wa programu hakulifikiria.

Na daktari wa kwanza kuuliza alikuwa wa UKIMWI, kwa sababu zilizo wazi. Watu walikuwa wanakufa na fedha zilikuwa zimekuja. Fomu za kwanza zilikuwa za ugonjwa huo na za kifua kikuu. Mkono unaotetemeka haukuwa na fomu.

Turudi kwa yule daktari wa mwanzo. Huko Marekani infomatiki ya tiba ilitambuliwa rasmi kuwa ubingwa mdogo mwaka 2011, na mtihani wa kwanza ukafanywa mwaka 2013. Umewekwa wazi kwa daktari aliyekwisha kuwa bingwa wa fani yoyote, hivyo mtu wa neva anaruhusiwa. Hesabu miaka yake: 4 ya shahada ya kwanza, 4 ya udaktari, 4 ya neva, 1 au 2 ya magonjwa ya mwendo, na 2 ya infomatiki. Jumla ni 15 au 16. Kijana aliyemaliza shule akiwa na miaka 18 atakuwa amefika 33 au zaidi kabla ya kuanza kazi yenyewe.

Halafu akianza, anakuta tatizo tunalolijua. Kwenye vyuo vikuu cheo hupandishwa kwa makala na kwa fedha za utafiti. Mtu aliyekaa miezi akipatanisha fomu ya neva na mfumo wa hospitali, ili mizani ya mgonjwa iandikwe kama namba badala ya kuzikwa kwenye aya ya maandishi, hana makala ya kuonyesha. Kazi yake ikienda vizuri haionekani. Wenzake walioitumia data hiyo ndio watakaochapisha. Nafikiri ni dhuluma, na nafikiri fani hii itaendelea kuwa na watu wachache mpaka vyuo vijifunze kuihesabu kazi ya aina hiyo. Na bado, nenda kliniki yoyote ya neva duniani useme "Hoehn na Yahr 3," watakuelewa.

Simu nazo ziliingia. Machi 2015 taasisi ya Sage Bionetworks ilitoa mPower, programu ya iPhone iliyomtaka mtu agonge kioo kwa vidole viwili, atamke sauti moja kwa urefu, aweke simu mfukoni na kutembea. Mtetemeko wa Parkinson huenda kama mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na akselerometa ya simu inauona bila taabu. Watu zaidi ya 9,000 walikubali data zao zigawiwe kwa watafiti wote, idadi ambayo Hoehn na Yahr wasingeiota. Ila walioendelea kufanya majaribio hayo siku baada ya siku walikuwa wachache sana. Na ilihitaji uwe Marekani, uwe na iPhone.

Huku kwetu hesabu imefanywa kwa miguu. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ilikuwa na utaratibu wa kuhesabu watu nyumba kwa nyumba ulioanza miaka ya 1990. Daktari Catherine Dotchin, Richard Walker na wenzao wa Tanzania waliutumia utaratibu huo kutafuta watu wenye Parkinson kati ya wakazi zaidi ya 161,000, wakapita milango na dodoso, kisha madaktari wakawapima walioshukiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Walipata watu 33. Wengi wa hao 33 walikuwa hawajawahi kuambiwa na yeyote kwamba wana ugonjwa wenye jina na wenye dawa. Levodopa imo kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu. Mtu ambaye hajaandikwa popote hawezi kuandikiwa dawa hiyo.

Na mwaka 2023 likaja jambo lililowashtua wengi. Kundi la watafiti, wakiwemo Mie Rizig wa London na Njideka Okubadejo wa Chuo Kikuu cha Lagos, lilichapisha badiliko la jeni ya GBA1 linaloongeza hatari ya Parkinson, takriban mara moja na nusu kwa mwenye nakala moja na mara 3.5 kwa mwenye nakala mbili. Badiliko hilo linapatikana karibu kwa watu wenye asili ya Afrika peke yao. Profesa Okubadejo na wenzake walikuwa wamekusanya wagonjwa wa Nigeria kwa miaka, kliniki kwa kliniki, kwa fomu zinazofanana. Hifadhidata za Ulaya zilikuwa zimechunguzwa na kuchunguzwa tena, na badiliko lile halikuonekana humo kwa sababu waliolibeba hawakuwemo.

Hapa Kenya mabingwa wa neva ni wachache na wengi wako Nairobi. Vituo vyenye OpenMRS ni vingi kuliko wao kwa mbali. Maswali 13 ya kuchuja, dhana 13 kwenye kamusi, fomu moja kwa mtu yeyote aliyevuka miaka 50 anayekuja kupimwa presha: kwa mtu aliyezoea mfumo huo ni kazi ya siku chache. Kutumia MDS-UPDRS yenyewe kunahitaji kibali cha chama chenye hakimiliki, na kibali kinaombwa. Ila maswali gani, kwa Kiswahili gani, na nani atampima mzee fomu ikimwonyesha ana dalili, hayo siwezi kuyaamua mimi nikiwa na kibodi. Lazima bingwa wa neva awe upande wa pili wa meza. Kama wewe ni mmoja wao na unasoma hapa, niandikie.